Kana au gurudumu? Uzito wa usukani wa mashua unaanzia wapi

"Assalaam alaykum fundi. Nina mashua ya futi 30 niliyoinunua Nungwi mwaka juzi, nabeba wageni kutoka Mkoani kwenda Misali. Usukani wake umening'inia nje, kwenye fashini (mti uliosimama nyuma ya chombo), na kana, yaani ule mti wa kushikia usukani, niliikata ili nipate nafasi ya benchi la wageni, sasa imebaki kama sentimita 90. Wakati wa kwenda sina shida, ila wakati wa kurudi, kusi ikivuma, mikono inakufa ganzi. Mwezi uliopita kuna siku tulilazimika kushika watu wawili. Sasa kuna yoti imevunjwa Unguja, mwenyewe anauza gurudumu la usukani pamoja na mnyororo na waya zake. Shemeji yangu wa Dar ananiambia ninunue, kwamba stelingi ni nyepesi, ni salama zaidi, na wageni wakiiona wananithamini. Mkwe wangu, nahodha wa zamani, hataki hata kusikia. Anasema kana ndiyo inayosema na mtu. Vijana wangu wawili nao wanachanganyikiwa kwa sababu kana inakwenda kinyume na chombo. Nifanye nini? Na nikiamua gurudumu, linafungwaje kwenye usukani wa nje?"

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umeuliza maswali mawili, lakini ndani yake mna la tatu ambalo hukuliuliza, na hilo ndilo ningependa tuanze nalo: kwa nini usukani wako ni mzito? Mashua ya futi 30, iliyojengwa vizuri na kutanda tanga lake sawasawa, haihitaji watu wawili kwenye kana hata kusi ikiwa kali. Ikifika hapo, kuna kitu chombo kinakuomba ukitazame. Ukifunga gurudumu juu ya tatizo hilo, tatizo litabaki palepale chini ya maji, tofauti ni kwamba wewe hutalisikia tena mkononi.

Kwa hiyo nikwambie mapema ninavyoona: kwa hali uliyoieleza, usilinunue hilo gurudumu kwa sasa. Sababu nitakupa moja moja, na mwisho nitakueleza pia ni wakati gani ningelinunua mimi mwenyewe, maana shemeji yako hakukosea kila kitu.

Usukani unageuza chombo kwa kuyasukuma maji pembeni, na maji nayo yanausukuma usukani. Msukumo huo haukai kwenye ukingo wa nyuma wa ubao kama wengi wanavyodhani. Unakaa karibu na mbele, kiasi cha robo ya upana wa ubao au zaidi kidogo kutoka kwenye bawaba. Chukua usukani wenye upana wa nusu mita na kina cha mita moja ndani ya maji, ambao nadhani hauko mbali na wako. Mashua inakwenda maili 6 za bahari kwa saa, usukani umegeuzwa kama digrii 10. Maji yatausukuma kwa nguvu ya takriban kilo 150. Msukumo huo unafanya kazi sentimita 15 hivi nyuma ya bawaba, na wewe unaupinga kwa urefu wa kana yako. Umeshawahi kufunga mlango kwa kuusukuma karibu na bawaba badala ya kwenye kitasa? Ndiyo hesabu yenyewe. Kwa kana ya mita moja na nusu, mkono wako unabeba kilo 15. Kwa kana ya sentimita 90, unabeba kilo 25. Ulipoikata kana ili kuweka benchi, ulijiongezea kilo 10 za kushikilia njia nzima kutoka Misali hadi Mkoani.

Na mwendo nao una hesabu yake. Nguvu ya maji haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Usukani uleule kwa maili 3 kwa saa ungekupa chini ya kilo 4 kwenye kana ndefu. Ndiyo maana mtu anaweza kununua chombo kwenye upepo mdogo, akakizungusha mbele ya ufuo wa Nungwi kwa vidole viwili, akaridhika kabisa, kisha akakutana na chombo kingine mwezi wa saba.

Lakini urefu wa kana ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni hii: kwa nini unalazimika kuushika usukani ukiwa umegeuka muda wote? Kutoka Mkoani kwenda Misali unaelekea kaskazini, upepo wa kusi uko mgongoni, tanga limefunguka, usukani unakaa karibu na katikati na unaugeuza tu wimbi linapokuinua tezi, yaani nyuma ya chombo. Kurudi ni kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo. Unakwenda goshi, kamba ya demani inayovuta tanga imekazwa, chombo kimelala upande, na omo, mbele ya chombo, inataka kukimbilia kwenye upepo. Wewe unavuta kana kuelekea goshini, upande upepo unakotoka, ili kuizuia. Mvutano huo ndio unaoua mikono.

Chombo kinakimbilia upepo kwa sababu msukumo wa tanga umekaa nyuma mno kulinganisha na mahali ambapo mkuku (uti wa chini wa chombo) na ubavu vinashika maji. Upepo unasukuma tezi kwenda chini, mbali na upepo, na omo inapanda juu, kuelekea upepo. Chombo kikilala sana, hali inazidi kwa sababu mbili. Tanga linatoka nje ya chombo na kukisukuma kwa pembeni, mfano wa mtu anayevuta kasia upande mmoja tu, na umbo la ubavu uliozama nalo linakipindisha kuelekea juu. Kukimbilia upepo kidogo ni jambo jema, na fundi mzuri hulitia kwa makusudi. Nahodha akianguka au akiiacha kana, chombo chenyewe kinageukia upepo na kusimama, badala ya kukimbia na upepo na kupinduka tanga likihama upande. Ila kidogo maana yake ni digrii 3 hadi 5 za usukani. Zaidi ya hapo usukani umeacha kuwa usukani, umekuwa breki unayoiburuta.

Hili unaweza kulipima bila kumwita mtu. Funga uzi kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, upite juu tu ya ncha ya kana, na utie alama usukani ukiwa katikati kabisa. Kisha siku ya kusi ya kawaida, mkiwa mnabisha, kijana mmoja aangalie ncha ya kana inakaa umbali gani kutoka kwenye alama kwa muda mrefu, si pale wimbi linapopiga. Kwa kana yako ya sentimita 90, digrii 5 ni sentimita 8 hivi. Ikikaa ndani ya hapo, chombo chako kina mizani nzuri na dawa yako ni kana ndefu tu. Ikikaa sentimita 15 au 20, basi hata ungefunga kana ya mita mbili ungekuwa unatibu homa kwa kubadilisha shuka.

Wapi pa kurekebisha? Anza na farumi (uzito wa kukituliza chombo) na mizigo, kwa sababu havigharimu kitu. Vyombo vingi vya wageni nilivyoviona vina omo nzito: nanga, minyororo, sanduku la barafu, madumu ya maji, na wageni wenyewe wanaopenda kukaa mbele kupigwa na upepo. Omo ikizama, sehemu inayoshika maji inasogea mbele, na tezi inaelea huru kusukumwa. Sogeza sanduku la barafu na madumu nyuma ya mlingoti. Wakati wa kubisha waombe wageni wahamie upande wa goshini. Watu wanane waliokaa upande wa juu ni farumi nzuri kuliko mifuko ya mchanga, nao wenyewe hufurahi wakielezwa kwamba wanasaidia safari.

Halafu tanga. Wazee walikuwa na tanga kubwa la kaskazi na upepo mdogo, na tanga dogo la kusi, wala hawakuona haya kutanda dogo. Siku hizi mtu ananunua chombo na tanga moja, basi analitanda Januari na Julai. Tanga likiwa kubwa kuliko upepo, chombo kinalala, na kikilala usukani unakuwa mzito. Huo ndio mfuatano. Tazama pia namna foromali, ule mti unaobeba tanga, inavyokaa. Ncha yake ya mbele ikivutwa chini na mbele kuelekea omo, msukumo wa tanga unasogea mbele na chombo kinatulia. Ikiachwa irudi nyuma, unajitafutia uzito. Na tanga lenyewe likiwa kuukuu limeshavutika, tumbo lake limehamia nyuma, hakuna ufundi wa kana utakaolisaidia. Mshonaji wa matanga anaweza kulipunguza, au ukubali kwamba limekwisha.

Kisha uangalie usukani wenyewe. Mashua ikiwa juu ya mchanga maji yametoka, ushike kwa chini uutikise kushoto na kulia. Ukigonga na kucheza, bawaba zimekula. Pitisha mkono kwenye kingo. Sukani nyingi za mbao tunazoziona zimekatwa mraba, mbele na nyuma, unene uleule kama meza. Ukingo wa mbele unataka kuviringwa, na ukingo wa nyuma upunguzwe hadi ubaki milimita 10 au pungufu. Usukani mraba unatetemeka ukienda kasi, unaburuta maji, na unahitaji kugeuzwa zaidi ili ufanye kazi ileile. Ni kazi ya asubuhi moja kwa randa na msasa. Nafasi kati ya usukani na fashini nayo iwe ndogo. Maji yanayopenya hapo ni nguvu inayopotea.

Sasa tuje kwenye gurudumu na maneno ya shemeji yako. Anasema ni jepesi. Tulipime kwa usukani uleule tuliouhesabu. Gurudumu la kawaida la yoti ya ukubwa huo lina kipenyo cha sentimita 70. Nyuma yake kuna gia ndogo ya mnyororo, tuseme ina nusu kipenyo cha sentimita 4. Mnyororo unaungana na waya, waya zinapita kwenye makapi hadi kwenye kipande cha chuma cha nusu duara kilichobana mhimili wa usukani, chenye nusu kipenyo cha sentimita 25. Kwa hesabu hiyo, pale kana ya mita moja na nusu inapokupa kilo 15, gurudumu litakupa kama kilo 10, kabla ya msuguano wa makapi na mnyororo. Kwa malipo gani? Mkono kwenye kana unasafiri mita 1.8 kutoka mwisho mmoja wa usukani hadi wa pili. Kwenye gurudumu unasafiri mita 2.7. Zidisha kilo kwa mita utakuta jumla ni ileile. Gurudumu haliondoi kazi, linaigawa katika mzunguko mrefu zaidi. Na wakati huo waya wako unavutwa kwa nguvu ya kilo 90 kwenye kila kapi, na kila kapi linataka kung'oka kwenye ubao lilipofungwa.

Je, ni salama zaidi? Kana ina vitu vitatu: ubao wa usukani, bawaba na mti. Ikivunjika, unachukua kasia au kipande cha boriti ukaifunga kwa kamba, safari inaendelea. Gurudumu lina mnyororo, viungo, waya, makapi manne au zaidi, skurubu za kurekebisha ukazo na kile chuma cha nusu duara, na kimoja kikikatika umebaki unazungusha hewa. Sisemi kwamba halifai. Yoti nyingi zinazopita hapa zina gurudumu na zimevuka bahari. Ila linataka matunzo ambayo hayaahirishwi. Waya wa chuma kisichoshika kutu hukatika unywele mmoja mmoja pale unapopinda kwenye kapi, na huoni mpaka upitishe pamba juu yake ikanasa. Kapi lisiwe na kipenyo chini ya mara 16 ya unene wa waya, mara 20 ni bora zaidi. Waya wa milimita 6 unataka kapi la sentimita 10 hadi 12. Katika vyombo vya huku nimeona makapi madogo ya kamba za tanga yakifanyishwa kazi hiyo. Hayo yanaua waya haraka.

Kama unadhani kana ni ya vyombo vidogo vya pwani tu, kati ya mwaka 1968 na 1969 Mwingereza Robin Knox-Johnston aliizunguka dunia peke yake bila kukatiza safari, siku 312, kwa chombo kiitwacho Suhaili. Kilijengwa India kwa mbao za msaji, urefu futi 32, mkuku mrefu, usukani umening'inia nje nyuma, na kilishikwa kwa kana. Kwa urefu kimepishana na mashua yako futi mbili tu.

Mkwe wako anaposema kana inasema na mtu, anaeleza jambo la kweli kabisa. Upepo ukiongezeka, kana inavuta kabla hujauona mwinuko wa maji upande wa goshini. Tezi ikianza kuteleza kwenye wimbi la nyuma, mkono unajua mapema na unarekebisha kwa harakati moja fupi. Kwenye gurudumu taarifa hiyo inapita kwenye mnyororo na makapi, nusu yake inapotelea kwenye msuguano. Nahodha mwenye vijana wawili tu chomboni hupata faida nyingine. Mtazame mzee akiwa karibu na ufuo: kana ameibana kwa paja, mikono yote miwili iko kwenye kamba ya demani, macho yako kwenye tanga. Hawezi kufanya hivyo na gurudumu.

Kuhusu vijana kuchanganyikiwa, usilifanye hilo kuwa sababu. Ni kweli ukisukuma kana kushoto omo inakwenda kulia, lakini mwili huzoea haraka sana ukifundishwa vizuri. Kosa ni kuwaambia "kulia" na "kushoto" wakiwa na hofu. Waambie "peleka kana kwenye tanga" ukitaka chombo kipande juu ya upepo, na "iondoe kwenye tanga" ukitaka kishuke. Hapo hawana haja ya kupindua mawazo. Meli kubwa zenyewe zilikaa na mkanganyiko huo muda mrefu. Kwenye Titanic mwaka 1912 amri ya kugeuza "kulia" ilimaanisha kana iende kulia na meli igeukie kushoto, ingawa aliyeipokea alikuwa ameshika gurudumu. Uingereza ilibadilisha utaratibu huo mwaka 1933. Waweke vijana wako asubuhi yenye upepo mdogo ndani ya ghuba, wape boya la kuzunguka, mmoja kwenye kana na mwingine kwenye demani, kisha wabadilishane. Wewe kaa mbele, usishike kitu.

Nikamilishe haki ya shemeji yako. Gurudumu lina faida ambazo kana haina. Kubwa ni nafasi: kana ya mita moja na nusu, ikigeuka digrii 35 kila upande, inafagia upana wa mita 1.7 nyuma ya chombo, na hapo ndipo wageni wanapotaka kukaa. La pili, nahodha anaweza kusimama mahali anapoona juu ya turubai na juu ya vichwa vya watu. La tatu, gurudumu linaweza kuwekewa breki ya kulishikilia, hasa unaporudi nyuma kwa mashine, maana usukani ukirudi nyuma unaweza kunyakuliwa na maji na kana ikampiga mtu ubavuni. Kwa chombo cha futi 38 au 40 na zaidi, au chenye sukani mbili kama katamarani, au kama nahodha ana bega bovu, ningesema nunua. Usukani unaopita ndani ya chombo kwa mhimili wake unaweza pia kujengwa na sehemu ya ubao mbele ya mhimili, maji yakausaidia mkono. Usukani wako wa nje, unaoegemea fashini, hauwezi kusaidiwa hivyo.

Na hapo ndipo hilo gurudumu la Unguja linaponitia wasiwasi zaidi. Vifaa vya yoti vimetengenezwa kwa mhimili wa chuma ulio ndani. Kile chuma cha nusu duara kinabana mhimili, na wewe huna mhimili. Utabakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni kufunga nira ya chuma juu ya kichwa cha usukani, waya zikatoka nje ya tezi pande zote mbili na kurudi ndani. Zitakuwa nje kwenye chumvi na jua, na zitakuwa njiani kwa miguu ya wageni wanaopanda. Ya pili ni kuiacha kana na kuivuta kwa kamba zinazokwenda kwenye ngoma ya gurudumu. Hivyo ndivyo magurudumu ya kwanza ya merikebu yalivyofanya kazi karne ya 18, na mabumu makubwa ya Ghuba yaliyokuwa yakitia Malindi kwa kaskazi nayo yalifika na gurudumu. Shida ni kwamba kana inapozunguka, umbali wa kamba mbili hizo haubaki sawa. Moja inalegea, na kamba iliyolegea hutoka kwenye kapi. Ukichagua njia yoyote kati ya hizo, hakikisha kana ya dharura inaingia kwenye kichwa cha usukani bila kufungua kitu, na vizuizi viwili vya mbao ngumu vinausimamisha usukani kwenye digrii 35. Kuzidi hapo maji yanaachana na ubao na chombo hakigeuki tena.

Usikubali kabisa mtu akufungie stelingi ya gari, au ule waya wa kusukuma na kuvuta unaotumika kwenye boti za faiba. Waya huo umekusudiwa kugeuza mashine ya nje. Kwenye usukani wa tanga utakunyima hisia yote ya maji, na wimbi la nyuma likiupiga usukani, mshindo wote unaishia kwenye ncha yake.

Fikiria na maji yetu pia. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, ikifika, maji hupanda na kushuka karibu mita nne, na mashua yako, kama zote, inalala juu ya mchanga mara kwa mara, ama kwa kusafishwa ama kwa kusubiri. Usukani wa kana unauchomoa, unaulaza chomboni, basi. Uliofungwa waya hauchomoki kirahisi, na siku chombo kitakapokaa vibaya juu ya jiwe, uzito wake wote utaingia kwenye waya na makapi.

Kwa hiyo tatizo lako halisi la nafasi litatuliwe kwa njia nyingine. Tengeneza kana mpya ya mita moja na nusu, mti mnyoofu usio na fundo, mninga au msaji, na uiunganishe kwenye kichwa cha usukani kwa pini ya shaba au chuma cha pua ili iweze kuinuka. Mkiwa mmetia nanga Misali inasimama wima na benchi lote ni la wageni. Mkiwa safarini inashuka. Benchi la nyuma lisogee mbele kidogo, au liwe mawili ya pembeni badala ya moja la kukatiza. Ongeza na fimbo ya nyongeza kwenye ncha ya kana, yenye kiungo kinachozunguka, ili nahodha akae goshini akiona mbele ya tanga badala ya kukaa katikati akichungulia. Kwa fundi wa kijijini kwako yote haya ni kazi ya siku chache, na vifaa vinapatikana Chake.

Fanya kwa utaratibu: mizigo na tanga kwanza, kisha upime kwa uzi, kisha kana na kingo za usukani, kisha upime tena. Muuzaji wa gurudumu akisubiri, na asubiri. Akiliuza, limekwenda.

Yapo mambo ambayo siwezi kukupa jibu kwa maandishi. Ukiona ufa kwenye fashini, au mistari ya kutu ikichuruzika kutoka kwenye misumari inayoshika bawaba, au maji yakiongezeka ngamani, chini ndani ya chombo, kila mnapobisha na kupungua mnapokwenda na upepo, usitoke na wageni. Mpandishe fundi wa vyombo aone kwa macho, agonge mbao, afungue bawaba ya chini. Watu wawili wakining'inia kwenye kana fupi wanaiumiza fashini kuliko wanavyojua, na ulisema hilo limeshatokea. Na kwa kuwa unabeba abiria, mabadiliko yoyote ya usukani, ya kana au ya gurudumu, yaonyeshe wakaguzi wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar kabla ya kurudi kazini.

Ganzi nayo isikae tu. Kama inaondoka ukishapumzika ni uchovu. Kama inakuamsha usiku, au vidole vinashindwa kushika kikombe asubuhi, nenda hospitali ukaangaliwe, na hadi hapo kana ishikwe na kijana mmoja huku mkweo amekaa karibu naye.